Siku Dachesi Alipokataa Kunitii Kwenye Barabara ya Meru

Mzee wangu Guyo,

Ulipokuwa hai, barua zako zote zilipita mikononi mwangu. Nilikusomea za ndugu zako wa Marsabit, nikakuandikia majibu, na kila mara ulilalamika kwamba nimeandika maneno mengi kuliko uliyosema. Hii ni yangu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza huwezi kunikatiza. Vumilia.

Mvua mbili zimepita tangu tukuzike, na ukirudi huku kwetu juu ya Kibirichia hutapajua. Kwa sababu ya vita hivi vya Mau Mau, watu wameondolewa mashambani mwao wakarundikwa vijijini, handaki nje, miti iliyochongwa ncha ndani. Kutoka ni kwa pasi. Kurudi ni kabla ya jua kuzama. Viazi vinaoza ardhini kwa kukosa wa kuvichimba. Barabara ya Meru imepanuliwa kwa majembe ya mama zetu na dada zetu, na malori ya jeshi hupita hapo mfululizo, moja likila vumbi la lingine. Yule bwana wetu wa zamani alirudi kwao. Tuna meneja mpya, kijana wa masharubu membamba, asiyependa kitu chochote kilichozeeka. Mimi ananivumilia kwa sababu ndimi dresa wa shamba, na vidonda vya wafanyakazi havijifungi vyenyewe.

Safari yako ya kila Alhamisi nimeirithi: mfuko wa barua kwenda mjini, dawa kurudi. Ulikuwa ukisema nakaa juu ya farasi kama mtu anayengoja kunyolewa. Nimeendelea kidogo, Mzee. Siku hizi nakaa kama mtu ambaye kinyozi ameshaanza.

Lakini Dachesi, farasi wako! Mimi nimezaliwa kwenye ng'ombe, farasi nilimwona nikiwa nimeshaota ndevu, kwa hiyo sikuelewa ulichokuwa ukifanya miaka ile ulipomfunga kando ya mashine ya kusaga posho, injini ikinguruma na mkanda ukipiga, ukamwekea pumba pale pale. Tulikucheka, mpishi na mimi. Tulisema Mborana huyu amechoka na farasi mzima, anataka kiziwi. Kumbe ulikuwa unamfundisha kwamba kelele ya injini ni kelele ya chakula. Leo lori likija limebeba askari thelathini na bunduki zao, yeye husimamisha masikio na kumeza mate. Nimeona farasi wa polisi, wakubwa, wamepigwa brashi hadi wanang'aa, wakirukaruka kwa sababu ya pikipiki moja. Dachesi aliwatazama kama mama mkwe anavyotazama harusi asiyoipenda.

Na maneno yako ninayo. "Gari likija usimwambie kitu, Dresa. Mgeuze alione, halafu wewe pumua. Ukishika pumzi, atadhani umeona simba." Nimeyarudia njia nzima, Alhamisi baada ya Alhamisi. Kupumua ndiko kulikonishinda.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Meneja alikuja zizini akamfungua Dachesi kinywa, akatazama meno, akasema farasi wa umri huu anakula bure. Akaniambia mimi, huku akipangusa mate ya farasi kwenye shati langu: "Siku ya kwanza atakapomkataa mpandaji barabarani, nampiga risasi." Nami nilikuwa nimekuahidi, ulipokuwa umelala pale na kifua kikikukoroma, kwamba hatapigwa risasi na mtu. Nilikubali haraka sana siku ile. Nilitaka ulale.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa pale kwenye kona ambapo msitu unakaribia barabara. Unapajua. Siku hizi msitu umekatazwa kabisa. Anayeonekana akiuingia hupigwa risasi kwanza, jina huulizwa baadaye. Jambo hilo nalijua kama ninavyojua jina la mke wangu. Basi malori yakatokea mbele, mengi, yakija kasi, na mimi nikasahau kila kitu. Nilikumbuka baiskeli tu. Miaka kumi na minne nimepanda baiskeli kwenye barabara hiyo, Mzee, na mtu wa baiskeli akiona lori ana dawa moja: anajitupa kando, majanini, miguu juu, na akiinuka anashukuru Mungu. Mwili wangu ukafanya kazi uliyoizoea. Nikavuta hatamu kushoto, nikampiga visigino, nikamwelekeza Dachesi moja kwa moja kwenye miti.

Akakataa.

Nilimpiga tena. Nilimwomba kwa Kimeru, nikamtukana kwa Kiswahili, na nadhani nilimwita kwa jina lako. Yeye aligeuza kichwa akayatazama malori, akakita miguu yake minne ukingoni mwa barabara, akasimama. Lori la kwanza likapunguza mwendo. La pili. Niliona nyuso za askari wakinitazama, mtu mzima wa kipara anayempiga mateke farasi ambaye hata mkia hautikisi. Katika lori la nne bunduki mbili zilikuwa zimeshanielekea, halafu zikashuka polepole, kwa sababu hakuna aliyekuwa akikimbia.

Landrova ya mwisho ikasimama. Ofisa Mzungu alikuwa akisoma karatasi zake, hakuinua uso. Sajini, mtu wetu, alishuka kuangalia pasi. Alipoirudisha alisema kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi nimeona ulikokuwa unampeleka. Bwana hakuona. Msalimie sana huyu farasi."

Ingeishia hapo ningekuandikia barua fupi. Lakini yule ofisa alikuja shambani kunywa chai, akamsimulia meneja kwa kicheko jinsi farasi wake mzee alivyogoma barabarani na mtu wake akimpiga mateke bila faida. Meneja hakucheka. Aliniita, akasema Jumamosi.

Mzee, sitakudanganya, nilinyamaza. Nilinyamaza Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi. Farasi aliyegoma ni kosa la farasi. Mpandaji aliyekuwa akielekea msituni ni Mau Mau, au anawapelekea dawa, na mimi dresa nina kabati la dawa na funguo zake. Wamepelekwa watu kizuizini kwa kosa dogo kuliko hilo. Nilikwenda barazani kwa meneja mara mbili, nikamkuta anasafisha bunduki, na mara mbili nikasema nimekuja kuulizia iodini. Alinijibu kwamba iodini ninayo mimi.

Mara ya tatu nilivua kofia nikasema, "Bwana, farasi hakukosa. Nilikuwa namwingiza msituni."

Akaweka kitambaa chini. Akaniuliza nani alikuwa ananingoja huko. Nikasema hakuna, Bwana, ni baiskeli. Ulimwengu mzima haujawahi kusikia jibu baya kama hilo.

Akanipeleka polisi, na risasi ya Jumamosi ikangoja; nilikaa kituoni siku nne. Sitakueleza zote. Waliniuliza maswali yale yale, na mimi nikajibu baiskeli, baiskeli, mpaka askari wakanibatiza jina hilo. Siku ya tano inspekta alichoka. Akaagiza Dachesi aletwe, tukapelekwa pale kwenye kona, meneja naye nyuma kwenye gari lake. Nikapandishwa. Inspekta akasema nisimame hapo, wataleta lori kwa kasi, waone.

Nilijua ni mtihani. Nilijua hawatanigonga. Nilijua bunduki tatu zinanitazama mgongoni na kwamba nikisogea kushoto nimekwisha. Nilikumbuka maneno yako, nikavuta pumzi. Lori likaja, na Mzee, naapa, mikono yangu ikavuta kushoto na visigino vikampiga. Vyenyewe. Kama mtu anayepiga chafya.

Dachesi akageuza kichwa, akalitazama lori mpaka likapita, akapumua kwa ajili yetu sote wawili.

Nilifumba macho nikingoja mlio wa bunduki. Nilichosikia ni kicheko. Inspekta alikuwa ameegemea gari, machozi yanamtoka. Akamwambia meneja, kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie: "Huyu si Mau Mau. Huyu ni mwoga tu. Mpe farasi wake."

Meneja alimzunguka Dachesi, akampapasa shingo. Mara ya kwanza nimwone akimgusa hivyo. Akasema farasi atabaki, na kwamba barabarani yeye ndiye atakayeamua, mimi kazi yangu ni kushika mfuko. Nimeudhika? Hata kidogo. Ni cheo kinachonifaa.

Shambani wananiita Baiskeli sasa, hata mke wangu akikasirika. Mpishi ananiuliza kama nimetiwa upepo. Nacheka nao. Lakini nikiwa peke yangu nampiga brashi, nakufikiria ukiwa umekaa juu ya debe pale kwenye mashine ya posho, unga umekujaa nyusi, siku baada ya siku, bila haraka, ukimfundisha mnyama asiogope. Mimi ulinifundisha pia. Aliyeshika somo ni mmoja, na bado uliendelea kuniambia nitaweza.

Nakuaga, Mzee Guyo. Lala. Alhamisi ijayo pasi yangu inaniruhusu kupita karibu na makaburi ya Waislamu mjini. Mimi ni mtu wa misheni, sijui dua za kwenu, lakini nitashuka, nimwache Dachesi asimame pale ukutani mpaka yeye mwenyewe aseme twende. Na siku miguu yake itakapochoka barabara, nitatembea mbele yake nimshike hatamu, mfuko nitaubeba mimi.

Wako,
Dresa