Umeona Kidonda?

Jumatatu, 8 Juni 2009. Kitale

Majibu yote yameingia kabla ya saa tatu. Chai imepoa nikiyapanga. Wagonjwa wetu ni wazee mahututi walio nyumbani, na kila asubuhi anayemtunza mzee hupata maswali yangu matatu kwa ujumbe wa simu. Amekula? Amemeza dawa? Umeona kidonda mgongoni? Anabonyeza 1 kwa ndiyo, 2 kwa hapana. Kwenye kompyuta mwenye shida anageuka mwekundu, wengine kijani. Leo karibu wote kijani. Mkubwa amepita nyuma yangu akipiga mluzi. Wafadhili wanakuja wiki ijayo.

Chebet, nesi wetu, ndiye hajafurahi. Amegonga kioo kwa kalamu, kwenye jina la Mzee Wafula wa Mabanga. Saratani ya mifupa. Hajainuka kitandani tangu Aprili, na kila siku jibu ni hana kidonda. "Ngozi gani hiyo, bana? Ya ng'ombe?" Nimekasirika. Maswali ni yangu.

Jumatano, 10 Juni

Nimempigia Nekesa, mke wa mtoto wa Mzee Wafula. Mumewe anafanya kazi mbali, mama mkwe alishakufa, kwa hivyo mgonjwa ni wake peke yake. Sauti ya upole. Nimemuuliza kama ameona kidonda. Hapana, madam. Sijaona. Hakusita hata kidogo.

Nikamwambia Chebet, unaona? Akaandika Mabanga kwenye ratiba yetu ya Ijumaa.

Ijumaa, 12 Juni. Bungoma

Sijui niandikeje.

Tumefika Mabanga saa nne. Harufu tuliipata mlangoni. Nekesa alikuwa ameweka uji kwenye kistuli, akakisukuma ndani ya chumba kwa mguu, uso ameuelekeza uani. Chebet akaingia, nikamfuata. Tulipomgeuza mzee shuka lilikuja na ngozi. Kidonda kinaenea kiganja changu chote na kupita. Mzee hakulia. Aliuma blanketi.

Nilitoka nikamfokea Nekesa. Mbele ya majirani, na kuku wake. Ati kwa nini ulikuwa unadanganya kila siku. Akainama, akapangusa mikono kwenye leso. "Mliuliza kama nimeona. Sijaona. Huyo ni baba mkwe wangu."

Mzee akaongea kutoka ndani. "Usimlaumu huyo mtoto. Ananiheshimu."

Hakudanganya hata siku moja. Na mimi ni nani wa kusema sikujua? Nimeolewa Misikhu miaka tisa, na kwa mila ya huko mkwe hautazami mwili wa mkwe wake. Baba mkwe wangu akija Kitale napitia mlango wa jikoni. Kitanda chake sijawahi kukiona, mgongo ndiyo usiseme. Nikaketi ofisini nikaandika "umeona", nikawatumia wakwe wenzangu. Mjinga mkubwa mimi.

Jumamosi, 13 Juni

Sijala. Nimefua nguo zote, hata zilizo safi.

Jumatatu, 15 Juni. Kitale

Nimewapigia watunzaji wote, mmoja mmoja. Wewe ni nani wa mgonjwa? Saba ni wake za watoto. Wawili ni wanaume wanaotunza mama mkwe, masikini, hao hata kivuli cha mgonjwa wanakikwepa. Wote kijani.

Nimemwambia mkubwa. Amesema turekebishe wafadhili wakishaondoka. Nimetoka kabla sijasema neno la kunifukuzisha kazi.

Jumanne, 16 Juni

Chebet amerudi Mabanga na dawa na bandeji. Kampata mzee mmoja wa jirani, bakoki wa Mzee Wafula, yaani walipashwa tohara msimu mmoja. Hao hawana siri wala haya. Wanatukanana wakicheka. Yeye ndiye atamgeuza na kumwosha. Hajui kutumia simu, kwa hivyo anatazama kidonda, anapaza sauti, na Nekesa upande wa pili wa ukuta anabonyeza.

Alhamisi, 18 Juni

Wafadhili wamekuja. Nilibadilisha hao tisa wote kuwa wekundu kabla hawajaketi, nikawaeleza kwa nini. Mkubwa hanisemeshi. Na asinisemeshe.

Jumapili, 28 Juni

Kidonda kimeanza kukauka pembeni. Chebet amenionya nisijidanganye, saratani haikauki. Najua. Nimefurahi hivyo hivyo.

Jumapili, 5 Julai

Mzee Wafula amefariki jana mchana. Bakoki wake alikuwa naye.

Nekesa amenipigia mwenyewe. Nilitaka kumwomba msamaha kwa zile kelele zangu, akaniambia madam, hayo yaliisha. Ameshukuru kwamba hizi wiki mbili za mwisho mzee alilala. Kabla ya hapo alikuwa akilia, na yeye chumba cha pili akimsikia kila siku, amejifunika kichwa. Nikamuuliza kwa nini hukutuambia. Hakuwa na hasira. Amesema tu simu haikuuliza alichosikia.

Swali la maumivu lilikuwepo mwanzoni. Nililikata ili maswali yatoshe ujumbe mmoja.

Nimeandika swali jipya, umesikia nini leo, na sikuweka 1 wala 2. Watajibu kwa maneno yao, na kesho nitayasoma yote.