Mguu wa Shangazi

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Hasamba tu wazima, na kahawa imechanua. Umeniuliza kama kamati yenu ya serikali, ya kukagua matunzo ya wagonjwa wa akili, itafaa kitu.

Enzi za Mwingereza wakaguzi walikuja kwetu. Baba alisikia mapema, akamfungua shangazi yangu mgonjwa kutoka kwenye gogo alilofungiwa mguu, akalificha ghalani.

"Dada yangu tunakaa naye vizuri," akawaambia.

Shangazi aliketi, mguu mmoja ameunyoosha. Mkaguzi akamwambia, "Mama, kunja mguu upumzike." Hakuukunja. Mkaguzi akamgeukia baba: "Gogo liko wapi?"

Jioni ile gogo likawa kuni za ugali.

Basi nendeni, mama, mtafaa. Ila shangazi, hadi tulipomzika, aliketi mguu ule ameunyoosha.

Bibi yako