Mkazamwana Ndiye Mwenye Muhuri

Shangazi Ruan mpendwa, naomba unisaidie upesi, na uniwie radhi kwa mwandiko, maana barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, yale maneno nisiyoyajua tu ndiyo aliyoniandikia mwalimu wa shule yetu ya watu wazima ya majira ya baridi, na nina furaha hata naona haya kuitaja, mwanamke wa miaka arobaini na sita: nataka kuolewa.

Mume wangu alifariki miaka kumi na miwili iliyopita, na siku zile mjane hakuwa na njia ila kulinda kaburi na kufunga mdomo, lakini mwaka huu darasani nimekaa benchi moja na Pang Shouyi, mtengeneza siki wa upande wa chini wa kijiji, mgane, mtu wa maneno machache, na siku tulipofundishwa kuandika majina alikwenda akaliandika langu kwa wino juu ya mfuniko wa mtungi wake mkubwa, Miao Chunni, akaniita nikatazame kama amelipatia, nami niliyeitwa maisha yangu yote mke wa fulani au mama Genwang nilisimama mbele ya ule mtungi nikasahau kilichonipeleka, na tangu hapo nikikanda unga wa tambi naimba, mpaka majirani wanachungulia.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja uani akaniita mtu mzima ovyo, akaapa kwamba nikitoka sitatoka na hata konzi ya udongo, ingawa shamba langu lina hati yenye jina langu tangu ardhi ilipogawanywa. Mwanangu Genwang naye akaniuliza kama nataka watu wamcheke sokoni. Hao siwaogopi, Shangazi. Ninayemwogopa ni mke wa Genwang.

Mkazamwana wangu, Yinhuan, ndiye mwenyekiti wa umoja wa wanawake hapa kijijini. Ndiye anayetusomea ile sheria mpya ya ndoa, inayosema mjane asizuiwe kuolewa, na barua ya kwenda nayo wilayani kuandikisha ndoa lazima aigonge muhuri yeye. Sasa nikuambie nililomtendea. Aliletwa kwangu ana miaka kumi na tano. Mwaka wake wa pili alivunja mtungi wa maji, nikamfungia nje kwenye theluji kutwa nzima, na ncha ya kidole chake cha mwisho ikafa, ikakatwa. Mwaka juzi, kwenye mkutano wa wanawake, alisimama akanyoosha mkono ule mbele ya kijiji kizima akasema, "Hiki alikichukua mama mkwe wangu." Nilikaa kama gunia. Hakunitukana siku ile wala hajanitukana mpaka leo, ananipakulia uji kwanza, ananiita mama, na haongezi neno.

Pang anasema twende tukamwombe wote wawili. Mimi nawaza kumpitia karani wa kijiji, ambaye ni binamu yangu, aigonge barua siku Yinhuan akiwa safarini, akirudi anikute nimeshaolewa. Nifanye lipi? Furaha ninayo tele, ila uso wa kumtazama yule msichana sina.

Miao Chunni

*

Chunni, hongera. Nimesoma habari ya mfuniko wa mtungi mara tatu, na wenzangu hapa ofisini mwa gazeti wamenipokonya wakasoma nao. Olewa, dada yangu. Shemeji yako mpeleke mbele ya serikali ya kijiji pamoja na hati yako, kelele zake zitakwisha. Genwang ni mtu mzima. Akichekwa sokoni, naye acheke.

Lakini hilo la binamu na muhuri limenikasirisha. Hebu fikiri: sheria imekupa mlango wa mbele, wewe unataka kupita dirishani, na wa kumkimbia ni yule yule uliyemfungia mlango. Mtenda husahau, mtendewa hasahau, na wewe hata hukusahau, umenyamaza tu miaka yote hiyo ukingoja yeye aanze. Aanze nini? Yeye alikwisha kusema mbele ya watu. Zamu ni yako.

Nenda kwake. Siku hiyo usitaje ndoa wala barua, asije akadhani unanunua muhuri kwa machozi. Taja ulilotenda kama ulivyoniandikia mimi, na usiweke "lakini" hata moja. Usimwambie kwamba nawe mama mkwe wako alikutesa, hilo analijua. Akikufukuza, toka. Siku ya pili rudi mezani kwake kama mwanamke mwingine yeyote, uombe barua. Hiyo ni haki yako, si hisani yake, na nadhani yeye analielewa hilo kuliko wewe.

Ruan

*

Jibu hilo nilimpelekea kwa posta kabla ya kulichapa. Juzi ameandika tena, na kwa ruhusa yake naweka hapa maneno yake:

"Nilimkuta anapepeta mtama. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kupepeta mpaka akamaliza ungo mzima, kisha akasema, 'Mama, kukusamehe bado siwezi, nisikudanganye. Ila nilikuwa nataka kulisikia kinywani mwako.' Sikulala kwa kulia. Kesho yake nilipanga foleni mezani kwake nyuma ya wasichana wawili, akaniandikia barua, akagonga muhuri, akaipulizia ikauke. Nikadhani yameishia hapo. Alfajiri ya siku ya safari nikamkuta uani amevaa koti, akasema njia ina tope na Pang haoni vizuri, atatusindikiza. Shemeji alikuwa amesimama barabarani. Alipomwona yeye ametangulia, akaona ana kazi ndani. Wilayani karani akamwuliza mimi ni nani wake. Akasema, 'Ni mama mkwe wangu. Nimekuja kumwoza.' Shangazi Ruan, ofisi nzima ilicheka, na yeye akacheka, nami miaka minane nimeishi naye, sikuwa nimewahi kuisikia sauti ya kicheko chake."