Vikuku Saba Shingoni mwa Udi

Mabawa, Tanga
Ijumaa

Dada yangu mpendwa Leokadia,

Kwa masikitiko makubwa nautangazia ukoo wetu wote, walioko Mbinga na waliotawanyika, kwamba paka wangu Diwani amejiuzulu. Ameondoka bila barua, amehamia kwa jirani muuza dagaa, na nikipita ananitazama kama vile hatujawahi kujuana. Sababu nitaieleza. Kwanza shikamoo, dada. Miguu yako inasemaje na baridi ya huko? Mama anakula? Mimi mzima, ukiondoa jino moja la mbele na kidole gumba cha kushoto, ambavyo navyo nitavieleza.

Hapa mtaani kuna Mzee Athumani, mpiga udi. Mwaka huu kiharusi kilimpitia. Mdomo umepona, ila vidole vya kushoto vimebaki na ganzi. Na udi, dada, si kama gitaa la kwaya. Shingo yake ni tupu, laini, na kidole ndicho kinachojua sauti ilipo. Kidole kikifa ganzi kinakanyaga pembeni, udi unalia kama mlango mbovu. Mjukuu wake anaolewa Jumapili, na mzee aliapa atampigia mwenyewe. Basi binti yake, Mwanaisha, akaniletea udi karakanani, ninapotengeneza magitaa. "Fundi, mfungie baba alama za kugusika, ajue pa kushika."

Nilishaona kwenye picha ala za Wazungu wa zamani, zimefungwa utumbo shingoni. Nikaenda machinjioni. Wewe ndiye uliyenifundisha, wewe na lile karai la Krismasi: kuugeuza utumbo wa mbuzi, kuukwangua kwa mgongo wa kisu mpaka upitishe mwanga. Nikausokota, nikauvuta kati ya misumari miwili ukauke. Diwani alikula makombo akanenepa kama mwenye cheo. Kila kamba unaifunga kule juu, shingo ilipo nyembamba, kisha unaisukuma kushuka kuelekea tumboni mwa udi. Shingo inanenepa, fundo linajikaza lenyewe. Ncha unaziunguza kwa msumari wa moto zisiteleze. Nikamaliza kamba saba.

Jumanne mzee alikuja na Mwanaisha kujaribu. Nyuma yao akaingia Salimu, kaka yake Mwanaisha, ambaye sasa ndiye anayeongoza kikundi cha taarabu cha baba yao.

"We fundi wa bara, umeuvalisha udi wa baba vikuku kama mwari!" akanguruma. "Watu wacheke arusini? Waseme mzee karudi chekechea?"

"Vidole vyake vimekufa, Salimu," Mwanaisha akasema.

"Basi apumzike! Nitapiga mimi."

"Ahaa! Sema tu unakitaka kiti cha baba."

Salimu akanyakua kisu changu cha kukwangulia. Nikaufunika udi kwa mkono, akakata gumba langu badala ya kamba. Mwanaisha akamtandika nyundo ya mbao juu ya jicho, damu ikafoka kama bomba lililopasuka. Salimu akamkamata dada yake kwa ushungi, akambamiza ukutani, magitaa mawili ya parokia yakaanguka yakavunjika. Mimi nikamrukia mgongoni, kwa ushujaa ambao nakuomba uwasimulie watu, akanipiga mdomoni kwa kisogo na jino likaruka. Tukaanguka wote watatu juu ya jiko. Gundi ya mbao iliyokuwa ikichemka hapo ikammwagikia Salimu mguuni, na iliyobaki ikampata Diwani mkiani, akatoka mbio na hajarudi. Salimu akaokota utumbo uliosalia, akanizungushia shingoni, akavuta. Dada, kamba ile niliisokota vizuri. Haikatiki. Macho yakaingia giza, nikawaza: naam, kazi safi.

Ndipo udi ukalia.

Mzee alikuwa amekaa vilevile kwenye kigoda, udi mapajani, anapapasa vikuku kimoja kimoja. Akapiga wimbo aliokuwa akimpigia marehemu mama yao. Polepole, lakini hakukosea hata mahali pamoja. Kamba ikalegea shingoni mwangu. Salimu akakaa chini kwenye gundi, akalia kwa sauti.

"Mmemaliza?" mzee akauliza. "Fundi, hiki cha tatu kimepanda kidogo. Kishushe."

Salimu mwenyewe ndiye aliyenishikia udi nikakishusha, kwa kuwa gumba langu lilikuwa kwenye kitambaa. Kisha akambusu baba yake mkono, akasema Jumapili atakaa nyuma yake na kupiga ngoma ya dumbaki tu. Mzee akauacha udi kwangu mpaka Jumapili asubuhi, utumbo utulie. Nimeutundika ukutani, na kila nikiutazama nasahau pengo.

Nisalimie Mama, umwambie nimejikwaa tu. Msalimie shemeji fundi baiskeli, shangazi mpika pombe, na mwalimu wa kwaya aliyesema sitafika popote.

Mdogo wako mwenye pengo,
Fokasi

Jumamosi asubuhi. Bahasha nilikuwa bado sijaifunga. Panya wamekula vikuku vyote saba.