Kilo Hamsini na Tatu, Pamoja na Rasta

Jumapili, 1 Februari
54.6. Siku tano za kufika 53, na leo baada ya ibada kanisani wamegawa semla. Mkate mtamu, krimu hadi puani! Nilinusa tu. Nadhani hata harufu ina gramu zake.

Mchana Mama alinisuka rasta za kuunga, kila moja na fundo pale nywele zangu zinapoishia. Saa sita nzima nimekaa katikati ya magoti yake, tumbo linanguruma. Anasema siwezi kwenda kupigana mieleka mbele ya wageni na kichwa kama jogoo aliyenyeshewa. Anasema pia mtu mzima wa miaka thelathini na moja anayejinyima ugali kwa hiari yake anahitaji maombi. Amewahi kuja kunitazama mara moja tu — nilipigwa kabla hajavua koti. Safari hii ameomba ruhusa kazini siku zote mbili za mashindano. Mungu wangu!

(Naandika Kiswahili kwa sababu wenzangu wa klabu hupekua mabegi. Haya, wasome sasa.)

Jumatano, 4 Februari
53.8. Chakula cha mchana: nusu tango.

Badala ya kufanya kazi nimetazama tena mapambano ya Katagiri. Shiori Katagiri! Bingwa wa dunia mara saba. Nilimwona mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na minane, yeye kumi na tisa, ndiyo kwanza anachukua taji. Baadaye goti likavunjika, magazeti yakamzika. Akarudi baada ya miaka miwili, akachukua tena. Silaha yake ni moja: anajifanya anakwenda kulia, kisha anadaka mguu wa kushoto. Kila mtu anajua. Hakuna anayemzuia. Sasa ametangaza kwamba mashindano yetu haya ya Stockholm ndiyo ya mwisho kwake.

Kwangu pia ni ya mwisho, ila hakuna aliyeniomba nitangaze. Jumla ya medali zangu: sifuri. Ninacho cheti cha nidhamu.

Alhamisi, 5 Februari
53.3. Droo imetoka. Raundi ya kwanza: Katagiri. Nilicheka mpaka kocha Mikael akaniuliza kama nimekunywa maji leo.

Yeye amefurahi! Kanuni ni hii: ukipigwa na mtu ambaye baadaye anafika fainali, unarudishwa siku ya pili kugombea shaba. Na Katagiri hufika fainali. Kwa hiyo kazi yangu, kasema Mikael, ni kupigwa na mtu sahihi. Hatimaye kazi ninayoiweza! Sharti ni moja: siku ya pili unapimwa upya, saa nne asubuhi, bila hata gramu moja ya msamaha.

Mama ameuliza kama huyo Mjapani ana mama. Nikasema bila shaka. Akasema basi wataonana majukwaani.

Ijumaa, 6 Februari
52.9!

Sekunde arobaini na moja. Nilijua atakuja kushoto. Nilijiambia: kushoto, kushoto. Akaja kushoto. Mabega yaligusa mkeka nikiwa bado najiambia. Angalau Mama alikuwa ameshavua koti. Maendeleo.

Kisha nusu fainali. Katagiri yuko nyuma, sifuri kwa sita, na kasichana ka miaka ishirini. Bandeji ya goti imelegea, anachechemea. Sikuweza kutazama. Nilimvuta Mama mkono tukaondoka, simu nikaitupa begini pamoja na nguo za jasho.

Ijumaa jioni Waswidi hukaa mbele ya TV na chipsi, wanaita fredagsmys. Sisi, nyumbani Rinkeby, tulikuwa na wali wa nazi, kuku wa kupaka na chapati. Nimekula chapati nne. Ya tano niliila nimesimama, kwa hiyo haihesabiki. Nilifurahi, ndio ukweli. Nimepigwa, imekwisha, leta mchuzi.

Jumamosi, 7 Februari
Saa kumi na moja na nusu alfajiri nikachomoa simu begini niichaji. Mikael kapiga mara kumi na tisa. Katagiri alishinda nane kwa sita, sekunde tatu kabla ya mwisho. Nimerudishwa!

54.3.

Miaka kumi na tatu namshabikia mwanamke ambaye hakati tamaa. Na katika ukumbi mzima, wa kwanza kumkatia tamaa ni mimi. Ningejipiga kofi, ila nguvu za mikono naziwekea akiba.

Nimekimbia kwenye theluji. Nimekaa sauna. Nimetema mate mpaka yakaisha. Sasa tuko chumba cha kupimia uzito: 53.2, gramu mia mbili zaidi, na zimebaki dakika kumi na tano. Katagiri ameshapimwa, alikuwa anafunga goti. Akanitazama, akatazama mizani, akatazama kichwa changu. Akaja akichechemea na mkasi wake wa bandeji, akainama kwa heshima. Ananiomba ruhusa ya kukata. Yeye, mimi!

Nimekaa sakafuni. Sitakiwi kutikisa kichwa, mikono haina kazi, ndiyo maana naandika.

Mama katokea mlangoni na chupa ya chai. Kaona rasta zake sakafuni. Saa sita za kazi! Niliona aibu hadi nikafumba macho. Akaweka chai chini, akavua koti. Akamwambia Katagiri, kwa Kiswahili kabisa:

"Kata chini ya fundo, mwanangu. Nywele zake mwenyewe usiziguse."

Katagiri akaitikia kwa kichwa. Na kweli, akakata chini ya fundo.

Sasa Mama anafumua kushoto, Katagiri anakata kulia. Kushoto kwangu hatimaye kuna mlinzi. Mikael anaokota rasta na kuzipima kwenye mizani yake ya chakula. Gramu mia na ishirini. Mia na hamsini. Mpinzani wangu wa shaba anatutazama mdomo wazi.

Dakika tatu. Mia na themanini, bado ishirini. Mama anasema nisiinamishe kichwa, Katagiri ananiinua kidevu, jina langu linaitwa, na zimebaki dakika mbi—