Mguu Wanaosema Umekanyagishwa

Mpendwa mshauri Agnetha, shikamoo, naomba msaada wako kabla shemeji zangu hawajarudi wodini, maana nimefika mwisho na hata kusali sasa nashindwa. Mume wangu Maige ni mchimbaji huku Nyang'hwale, sigara anavuta tangu ujana na dawa za presha anameza akijisikia, na mwaka jana mguu wa kulia ukaanza kumkaza akitembea kwenda duarani, kwenye shimo wanalochimba, akisimama unaachia, akitembea unakaza tena, ndugu zake wakasema amekanyaga dawa aliyotegewa na wenzake wanaomwonea wivu, akapelekwa kwa mganga akachanjwa chale kwenye unyayo ili uchawi utoke, ila chale hazikupona, vidole vikawa vyeusi na sasa vinanuka. Daktari anasema mishipa imeziba, mguu ukatwe chini ya goti au tutamzika. Shemeji Magesa ananiambia, "Mayu, mama yangu, mguu wa kukanyagishwa ukiguswa na kisu mtu anakufa hapo hapo, kesho tunamchukua." Maige naye amegeukia ukutani, anasema, "Mama Limi, ukikubali wanikate, kwangu usirudi." Nifanye nini, kila upande naona kaburi tu.

Mama Limi, Kharumwa

Marahaba, Mama Limi. Pole, na najua pole yangu haitoshi. Lakini hao shemeji zako wamenikera. Mguu unaouma ukitembea na kutulia ukisimama unakosa damu, hakuna aliyemtegea mumeo chochote. Mshipa wa damu una utando laini kwa ndani, na ukiwa mzima damu inapita bila shida. Moshi wa sigara na presha isiyotibiwa vinauchubua miaka na miaka, mafuta yananasa palipochubuka, yanakuwa magumu, njia inaziba. Mweleze Maige kwa lugha ya kazi yake: ukuta wa duara ukimomonyoka, kifusi kinafunga njia na aliye chini hapati hewa. Zile chale zilichanjwa kwenye nyama isiyo na damu ya kuziponya. Aliyechanja alikosea, na waliompeleka pia.

Mguu huo haurudi, sitakudanganya. Na mishipa ya moyo wake imepitiwa na moshi ule ule, kwa hiyo hata akikatwa, sigara iishe leo na dawa ameze kila siku, ajisikie asijisikie.

Wa kukubali kukatwa ni Maige mwenyewe, si wewe wala Magesa. Mwombe daktari azungumze naye leo hii, shemeji wasiwepo. Wewe kaa karibu, mshike mkono, mwambie waziwazi kwamba unamtaka abaki. Maneno ya kukufukuza ni hofu inayosema. Huenda akakununia mwaka mzima. Mwache anune, mradi yu hai.