Mafuta ya Kondoo Kwenye Kidonda cha Baba

Jumanne

Mafuta ya mkia wa kondoo, jamani, kwenye kidonda cha upasuaji. Nilipofungua bendeji ya Baba jioni nilikuta usaha, na katikati ule mrija wa plastiki aliowekewa hospitalini wa kupeleka damu mguuni. Unaonekana kabisa.

"Ngamia wangu wote hupona hivyo," akasema.

"Ngamia hawana mrija, Baba."

Daktari amesema kwa simu tufunike kwa shashi safi, tufike kwake alfajiri. Huenda mrija ukatolewa. Naogopa wasije wakaukata mguu.

Baba anasema soko la mbuzi kwanza, hospitali baadaye. Haya. Bila fimbo yake haendi sokoni, na fimbo nimeifungia ndani ya gari la jirani litakalotupeleka hospitali. Akiitaka, atapanda.